Goma: Wenye biashara wanahitaji seva inayoweza kuhama

Asubuhi ya tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkeno Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini wakati huo, Jenerali Constant Ndima, aliwaamuru wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji wa Goma waondoke bila kuchelewa. Barabara ya Sake ikajaa watu. Wengine wakaelekea Gisenyi, wengine Rutshuru, wengine wakatafuta mashua za kwenda Bukavu. Kila mmoja alibeba kilichobebeka: mtoto, godoro, bidoni ya maji, mfuko wa unga, kichwani, mgongoni au juu ya chukudu.

Kilichobaki nyuma katika ofisi nyingi ni mashine. Seva ya ofisi ina uzito wa kilo 20, wakati mwingine 30. Imefungwa kwa nyaya ukutani, na ndani yake mna madeni ya wateja, mishahara ya wafanyakazi, stoki ya ghala na fakitire za miaka. Hakuna anayekimbia na mzigo huo huku ameshika mkono wa mtoto. Mlango ulifungwa, ufunguo ukaingia mfukoni, mengine akaachiwa Mungu.

Mara hiyo lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Mwaka 2002 haikusimama. Tarehe 17 Januari mwaka huo ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikameza mtaa wa biashara na kushuka hadi ziwani. Watu wapatao 120,000 walikosa makao. Na mwishoni mwa Januari 2025, AFC/M23 ilipouchukua mji baada ya mapigano, hatari haikutoka mlimani. Umeme, maji na intaneti vilikatika, benki zikafunga milango, maghala yakaporwa, yakiwemo ya mashirika ya misaada.

Sheria haijali hayo yote. Kongo iliingia katika OHADA mwaka 2012, na sheria ya uhasibu ya jumuiya hiyo inamtaka mfanyabiashara ahifadhi vitabu vyake vya hesabu pamoja na vithibitisho vyake kwa miaka 10. Mfanyabiashara wa Goma aliyefungua vitabu vyake mwaka huo wa 2012 ameshaona mji ukichukuliwa na M23 mwezi Novemba, volkeno ikilipuka 2021, na mji ukichukuliwa tena 2025. Katika mji wa namna hii, mahali pa kuweka hesabu ni suala la mwenye mali mwenyewe. Kumwachia fundi wa informatiki peke yake ni kumtwika mzigo usio wake.

Ipo teknolojia ya siku nyingi, isiyo na makelele, inayolijibu suala hili vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Wataalamu wanaiita virtualizesheni. Kwa maneno mepesi, ni kuigawa seva moja ya chuma kuwa mashine pepe kadhaa, kila moja ikijiona kuwa kompyuta kamili yenye programu zake, diski yake na funguo zake.

Mkaaji wa Goma ataielewa haraka akifikiria parsele yenye nyumba za kupanga. Parsele ni moja, ukuta wa nje ni mmoja, waya wa umeme unaoingia ni mmoja. Ndani kuna wapangaji wanne au watano, na kila mmoja ana mlango na kufuli lake. Programu inayosimamia mashine pepe ndiyo bayeri. Inagawa vyumba na umeme, inahakikisha hakuna mpangaji anayekula sehemu ya mwenzake, na haiingilii yanayofanyika ndani ya chumba. Mpangaji mmoja akiugua virusi, kufuli za wengine bado zimefungwa.

Wazo lenyewe si jipya. IBM ilikuwa ikigawa kompyuta zake kubwa namna hii tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatoa mfumo wake wa VM/370. Kampuni ya VMware ya Marekani iliuleta ufundi huo kwenye seva za kawaida mwaka 2001. Tangu 2007 uwezo huo umo ndani ya Linux yenyewe, na yeyote anaweza kuutumia bila kulipa. Kwa hiyo hakuna ofisi ya Goma inayoombwa kujaribu jambo ambalo halijakomaa. Benki kubwa na makampuni ya simu duniani yanafanya kazi hivyo kila siku.

Makampuni yanayouza teknolojia hii huanza na hesabu ya akiba: nunua mashine chache, lipa umeme kidogo. Hesabu hiyo ni ya kweli, na Goma ina uzito zaidi kuliko Paris au Nairobi, kwa sababu ya hali ya umeme.

Wahandisi wawili wa Google, Luiz Barroso na Urs Hölzle, walionyesha katika makala ya mwaka 2007 kwamba seva nyingi hufanya kazi kati ya asilimia 10 na 50 tu ya uwezo wake, na kwamba seva iliyokaa bila kazi bado hula karibu nusu ya umeme inaokula ikifanya kazi kwa nguvu zote. Maana yake ni kwamba ofisi yenye seva nne zilizolala inalipia usingizi wa nne.

Chukua mfano wa ofisi ya wastani yenye mashine nne: moja ya hesabu, moja ya mishahara, moja ya mafaili ya wote, moja ya picha za kamera za ulinzi. Kila moja ikila wati 150, zote pamoja ni wati 600, usiku na mchana. Kwa mwezi wa siku 30 hizo ni kilowati-saa 432. Kazi hizohizo nne zikihamishiwa kwenye seva moja yenye nguvu inayokula wati 250, mwezi unakuwa na kilowati-saa 180. Ofisi inayolipa umeme kwa kadi ya kununuliwa mapema itaona tofauti hiyo mwezi wa kwanza.

Lakini bili ni sehemu ndogo tu ya habari. Kinachouma Goma ni saa za giza. Mji unalishwa na SNEL, na Virunga Energies kutoka maporomoko ya Matebe huko Rutshuru, na mitambo ya jua ya Nuru pale Ndosho. Hali ni bora kuliko miaka 15 iliyopita, hilo lisikanushwe. Hata hivyo nyaya za Matebe zinapita katika maeneo ya vita, na zimekatwa na mapigano zaidi ya mara moja. Ofisi yenye betri zinazoweza kutoa kilowati-saa 2.4 itaziendesha mashine nne za mfano wetu kwa saa 4 hasa, halafu mtu awashe jenereta na kuanza kutafuta mazutu. Betri hizohizo zitaiendesha seva moja ya wati 250 kwa zaidi ya saa 9. Umeme ukikatika saa mbili usiku, fundi anaweza kulala hadi alfajiri. Kwa hospitali au shirika la akiba ambalo mashine zake hazipaswi kuzima ghafla, pengo hilo la saa tano linaweza kuokoa diski zenyewe, maana diski nyingi hufa kwa sababu ya kuzimika vibaya tena na tena.

Hayo ni ya akiba. Faida inayoihusu Goma kuliko miji mingine iko pengine kabisa.

Mashine pepe haina chuma. Mfumo wake, programu zake, hesabu zake, hata namna ilivyopangiliwa, vyote ni mafaili machache ndani ya diski. Faili linanakiliwa. Linatiwa kwenye diski ya nje yenye ukubwa wa simu, linaingia mfukoni, linavuka mpaka kwenye Petite Barrière kwa miguu au linapanda boti. Likifika upande wa pili, seva yoyote yenye programu ya usimamizi inayolingana italiwasha, na mhasibu ataona skrini ileile aliyoiacha ofisini, na fakitire ya mwisho aliyoiandika.

Hilo haliwezekani kwa seva ya kizamani. Nayo ina data za kunakili, ndiyo, lakini data bila mashine yake ni kama funguo bila mlango. Ofisi ikipoteza seva iliyowekwa mwaka 2013 na fundi aliyekwisha kuhamia Kampala, itahitaji kupata mashine inayofanana, kuweka mfumo ule wa zamani, kutafuta diski ya programu ya hesabu na namba yake ya leseni, kisha kurudisha data. Siku tano kama bahati ipo. Mashine pepe inaruka hatua hizo zote, kwa sababu kilichohifadhiwa ni kompyuta nzima ilivyokuwa.

Wenye programu za zamani wanafaidika hapa kuliko wote. Biashara nyingi za Kongo bado zinategemea programu ya hesabu iliyonunuliwa kwa pesa nyingi miaka mingi iliyopita, ambayo haikubali kompyuta za leo. Mashine ya chuma iliyoibeba imechoka, vumbi jeusi la Goma limeijaa, na kila mtu ofisini anaogopa kuigusa. Ikiingizwa ndani ya mashine pepe, programu hiyo inaweza kuishi ndani ya seva mpya bila kujua kwamba nyumba imebadilika. Tahadhari moja: mfumo wa zamani usioletewa tena marekebisho ya usalama haupaswi kuachwa wazi kwenye intaneti, hata ukiwa ndani ya nyumba mpya.

Sasa, swali ambalo mwenye biashara yeyote atauliza: kwa intaneti hii ya hapa, nakala itafika lini? Jibu linapatikana kwa kugawa. Mashine ya hesabu yenye gigabaiti 80, kwenye njia ya kupandishia ya megabiti 10 kwa sekunde, itachukua karibu saa 18. Ni nyingi, na laini ikikatika katikati ni hasira. Ndiyo maana nakala ya kwanza isipite hewani. Ipelekwe kwa mkono, ndani ya diski, hadi pale itakapokaa. Baada ya hapo programu za kisasa hutuma tu vipande vilivyobadilika tangu jana. Ofisi ya wastani inayobadilisha gigabaiti 2 kwa siku itahitaji chini ya nusu saa kwa laini hiyohiyo, saa nane za usiku, watu wakiwa wamelala.

Inafaa kukumbuka kwamba nusu saa hiyo inategemea bili ya intaneti inayolipwa kila mwezi. Goma inalijua hili kwa uchungu. Mradi uliokuwa ukigharamia intaneti ya kituo cha uchunguzi wa volkeno ulipomalizika mwaka 2020, wanasayansi walikaa miezi bila kupata habari za mitambo yao ya mlimani kwa mbali. Intaneti ilirudi mwezi wa nne, 2021. Volkeno ililipuka mwezi wa tano. Mitambo ya bei inaweza kunyamazishwa na bili ndogo.

Na Januari 2025 ilionyesha upande mwingine: hata aliyelipa alikatiwa, kama kila mtu. Kwa hiyo nakala mbili, za aina mbili. Moja ikae mbali, nje ya mji, ikipokea mabadiliko ya kila usiku. Nyingine iwe diski ya mkononi, inayobadilishwa kila wiki na kulala nyumbani kwa mtu anayeaminika, mbali na jengo la ofisi. Nakala iliyo ndani ya seva ileile, au kwenye diski iliyochomekwa pembeni yake, itaungua na kuibwa pamoja nayo. Mafundi wengine huwaonyesha mabosi wao zile picha za hali ya mashine ambazo mfumo huzipiga kabla ya marekebisho, wakisema hiyo ndiyo akiba. Picha hizo ni nzuri kwa kurudi nyuma dakika kumi pale marekebisho yanapoharibika, au flashi ya mgeni inapoleta virusi. Zinakaa kwenye diski ileile. Lava haitazibagua.

Diski inayoingia mfukoni inaweza pia kuibwa mfukoni, na hapa kuna jambo zito kuliko fedha. Katika mji ambao umebadilisha utawala kwa risasi, orodha ya majina ni kitu cha hatari. Hospitali inayowahudumia waathirika wa ubakaji ina majina. Shirika linalogawa chakula lina majina na mitaa wanamoishi watu. Mwajiri ana majina ya wafanyakazi, simu zao na namba zao za akaunti. Kila nakala inayotoka nje ya ofisi lazima ifungwe kwa siri, isisomeke bila neno la kufungulia. Programu nzuri za kunakili mashine pepe zinafanya hivyo zenyewe, mtu akiamua kubonyeza. Kanuni ya Kidijitali ya Kongo, iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023, nayo inazilinda data za watu binafsi na kuweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Kuvuka Grande Barrière na data za wagonjwa si sawa na kuvuka na nyanya.

Wanaoipigia debe teknolojia hii mara nyingi hawasemi kwamba ina hatari yake. Wapangaji wote wakiwa ndani ya parsele moja, ukuta ukianguka, wote wanalala nje. Seva nne za zamani zikifa, zinakufa moja moja. Seva moja yenye mashine pepe nne ikiungua kwa radi au kwa umeme uliopanda ghafla, hesabu, mishahara, mafaili na kamera vinaondoka dakika ileile. Ofisi iliyouza mashine zake tatu na kubaki na moja, ikijisifu kwa kuokoa pesa, imejiweka pabaya kuliko mwanzo. Kiwango cha chini ni seva mbili. Ya pili inaweza kuwa dhaifu, imetumika, imenunuliwa kwa bei ya chini, mradi tu iweze kuziwasha zile mashine muhimu, hata kama zitaenda polepole kwa wiki moja.

Kingine ni leseni. Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kununua mara moja na kutumia daima. Wateja wakatakiwa kulipa kila mwaka. Mwaka 2024 iliondoa pia toleo la bure ambalo ofisi ndogo nyingi duniani zilikuwa zikilitumia, kisha ikalirudisha 2025. Makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani yalilalamika hadharani. Ofisi ya Goma haina sababu ya kujifunga kwenye mlango unaofunguliwa na kufungwa na mtu wa mbali namna hiyo. Proxmox, inayotengenezwa Vienna, na XCP-ng, inayosimamiwa na kampuni ya Ufaransa, zote ni programu huria. Anayetaka msaada wa kitaalamu analipa, asiyetaka halipi. Anayetumia Windows ndani ya mashine pepe akumbuke kwamba Microsoft bado inahesabu leseni zake: ile ya kawaida ya Windows Server inaruhusu mashine pepe mbili tu kwa seva iliyolipiwa kikamilifu. Wale wanaotumia matoleo ya wizi, nao si wachache, wanajenga akiba ya miaka 10 juu ya kitu kisichopata marekebisho ya usalama.

Je, kila biashara inahitaji haya? Hapana, na anayemwambia mwenye duka la vitenge wa Birere anunue seva anataka kumuuzia tu. Duka lenye kompyuta moja linahitaji diski mbili za nje na mazoea ya kunakili kila Jumamosi, basi. Virtualizesheni inaanza kuwa na maana pale ofisi inapokuwa na seva mbili au tatu, au programu moja ambayo ikisimama watu hawalipwi: hoteli, hospitali, shule kubwa, chuo, kampuni ya usafirishaji, shirika la akiba na mikopo.

Hawa wa mwisho, wenye COOPEC, ndio wanaopaswa kusikia kwa masikio mawili. Mwanachama anayeweka dola 5 kila wiki ana kijitabu nyumbani, nacho kinaweza kuungua au kupotea barabarani akikimbia. Akirudi, kilichobaki kati yake na akiba yake ni kumbukumbu ya ushirika. Kumbukumbu hiyo ikiwa kwenye mashine moja, ndani ya jengo moja, mwanachama huyo hakuuliza wala hakuambiwa ni hatari gani aliyoibeba. Benki kubwa zina makao yake Kinshasa na hesabu za wateja wao ziko huko. Ushirika mdogo wa Goma uko peke yake.

Peke yake, lakini si lazima abaki hivyo. Ushirika mmoja hauwezi kununua seva mbili nzuri, betri na laini ya intaneti ya uhakika. Vyama sita vinaweza, kwa roho ileile ya likelemba ambayo akina mama wa soko la Virunga wanaijua bila kufundishwa na mtu. Hapa ndipo ugawaji wa mashine unaonyesha uzuri wake kamili: vyama sita ndani ya seva mbili, kila kimoja na mashine yake pepe, kufuli lake na neno lake la siri, bila jirani kuona hesabu za jirani. Mji una kituo chake cha kubadilishana data, GOMIX, ambapo mawasiliano ya ofisi mbili za Goma zenye watoa huduma tofauti yanaweza kubaki hapahapa, pasipo kuzunguka nje ya nchi kwanza. Kwa nakala ya mbali, Kinshasa tangu 2024 ina kituo kikubwa cha seva cha OADC Texaf, jambo ambalo halikuwepo wakati volkeno ilipolipuka mara ya mwisho.

Shirikisho la wafanyabiashara, FEC, lina uzito wa kuwakalisha wenye ofisi hizi mezani pamoja. Vyuo vya mji, kuanzia ISIG na UNIGOM hadi ULPGL, vinatoa vijana wa informatiki kila mwaka, na wengi wao wanaishia kuuza vocha za simu au kukarabati printa. Kijana mwenye diploma, kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 na programu huria anaweza kujifunza kazi hii ndani ya miezi michache. Soko la kazi yake lipo. Wenye ofisi ndio hawajui bado kwamba wanamhitaji.

Mamlaka, za upande wowote, hazijatajwa hapa, na kwa makusudi. Hakuna agizo wala msaada wa serikali unaohitajika ili mwenye kampuni anunue diski mbili na kumwita fundi wake.

Anachohitaji mwenye kampuni huyo ni Jumamosi moja. Ofisi imefungwa, wateja hawapo. Fundi anazima seva kuu kabisa, anachukua diski iliyolala nyumbani kwa mtu, anaipeleka kwenye seva ya pili na kujaribu kuiwasha mashine ya hesabu kutoka humo. Bosi anakaa pembeni na saa. Mhasibu anafungua fakitire za juma lililopita na kuangalia kama zipo zote. Mara ya kwanza mambo hayatakwenda sawa: nakala itakuwa ya wiki tatu zilizopita, au diski itakuwa imekufa kimya kimya, au neno la siri la kuifungulia litakuwa linajulikana na mtu mmoja tu, ambaye siku hiyo yuko harusini Butembo na simu yake imezimwa. Ni bora kuyagundua hayo Jumamosi yenye amani, kisha neno hilo liandikwe kwenye karatasi mbili, zifungwe katika bahasha mbili, na kupewa watu wawili wanaoishi katika miji miwili.